Kwenye Bomba la Mashine Kulikuwa na Ugali Wangu

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mitatu, naishi Soweto hapa Mbeya, nina mke na wajukuu tisa. Mtaani wananiita Mzee Fundi, na nikiingia mahali vijana wananyanyuka kunipisha kiti. Wangejua, wasingenyanyuka.

Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho, ambaye anahariri video za harusi hapa nyumbani, alikuwa anahangaika na kompyuta yake. Ni zile zinazopozwa kwa maji, zina mipira miwili ya kupitishia maji kwenye prosesa. Joto lilikuwa linapanda mpaka nyuzi tisini na kitu, halafu inazima. Alisafisha feni, akapaka dawa ya kupitisha joto, wapi. Nikamwambia, "Hebu shika hiyo mipira yote miwili." Akashika. "Baba, mmoja wa moto, mwingine baridi kabisa." Nikamwambia basi maji hayatembei, kuna mahali pameziba. Alipofungua akakuta utando mzito kama uji. Akacheka: "We baba! Hata simu unabonyezewa, hili umelijuaje?" Niliingia chumbani nikafunga mlango.

Nililijua tangu miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, bwana mashine wa kijiji kimoja cha Usangu. Mashine yetu ya kusaga ilikuwa na injini ya dizeli iliyopozwa kwa maji ya pipa. Bomba la juu linatoa maji ya moto, la chini linarudisha ya baridi. Nilipelekwa mjini wiki mbili kujifunza, nikarudi na ovaroli na kiburi. Kiangazi maji yalikuwa shida, kwa hiyo tuliweka utaratibu: anayeleta mahindi analeta na debe la maji ya pipa.

Bomba la chini likaanza kuvuja. Fundi aliyenifundisha alikuwa amenionya kabisa, "Usije ukaziba kwa unga kama madereva wa malori wanavyofanya kwenye rejeta. Utaua injini." Lakini kuagiza bomba jipya ni kuandika barua na kusubiri miezi. Na mimi na ovaroli yangu nionekane nimeshindwa? Nikafungua bomba, nikashindilia unga wa mahindi. Kuvuja kukakoma, nikajisifu. Haikupita wiki injini ikaanza kuchemka. Nikakaza mkanda, nikaongeza maji, nikasafisha chujio la dizeli. Mwisho nikashika mabomba. La juu linaunguza, la chini baridi. Nikaelewa palepale, nikanyamaza.

Asubuhi moja foleni imejaa, akaja Mama Minza na debe lake. Alikuwa mjane, Msukuma, familia yao walihamia na ng'ombe wachache. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu walipikia kinyesi cha ng'ombe, kuni hakuna. Alipomimina tu maji yake kwenye pipa, injini ikafoka mvuke, ikatoa moshi, ikazima. Mzee mmoja akasema, "Si mnamwona macho yake huyo?" Basi, yakawa hayo: macho mekundu, mchawi. Mwenyekiti akafika, akanigeukia mbele ya watu wote: "Haya bwana mashine, mwenye elimu ni wewe. Mashine ina nini?"

Nikajibu, "Mimi nimekagua kila kitu, Mwenyekiti. Sijaona ubovu."

Sikumtaja mtu. Kwa miaka mingi nimejitetea hivyo, kwamba sikumtaja mtu. Lakini kila aliyekuwa pale alimtazama yeye, na mimi nikatazama chini.

Walimpa siku tatu awe amehama. Ya pili zizi lake likachomwa. Siku ya kuondoka hakuna aliyewasogelea, nikaenda mimi, nikabeba furushi la mama mpaka barabara kuu. Binti yake, Minza, alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Mama yake aliniambia, "Mungu akulipe, mwanangu." Nikarudi, nikafungua bomba. Ndani kulikuwa na ugali, umeiva, mgumu. Nikauzika nyuma ya kibanda, na maji yaliyovuja nikawa nayaongezea tu. Mashine ikasaga siku nzima bila kuchemka, na kijiji kizima kikasema, "Mmeona? Mchawi kaondoka, mashine imepona." Mimi ndiye niliyewapa huo ushahidi.

Mama Minza hakuimaliza safari. Homa ilimkamata njiani, wakamzika karibu na Ruaha Mbuyuni. Haya nilielezwa na Minza mwenyewe, miaka mingi baadaye, alipoleta vitunguu vya kuuza hapa Mbeya akanitambua sokoni. Alinishika mikono akalia. "Baba, kijiji kizima ni wewe peke yako uliyekuwa mtu." Tangu hapo kila mavuno ananitumia gunia la vitunguu kwa basi. Mke wangu anamwita mwanetu. Nami nimekula vitunguu hivyo miaka yote, jamani, nikisema asante.

Juzi Minza amepiga simu. Watoto wake wanajengea kaburi la bibi yao, na wamewaalika mpaka watu wa kile kijiji. Anataka nisimame niseme neno. "Baba, wewe ndiye uliyeikagua ile mashine. Waambie mama yangu hakuwa mchawi. Wewe watakuamini."

Nikisema tu hakuwa mchawi, watauliza basi mashine ilikuwa na nini. Nikisema ilikuwa na nini, nitakuwa nimemwambia Minza, juu ya kaburi la mama yake, ni nani aliyemuua. Nisipokwenda, mama wa watu atabaki mchawi mpaka kiama.

Ni Jumamosi ijayo. Gunia la mwaka huu limefika jana, liko hapo mlangoni na mke wangu ananiuliza kwa nini silifungui. Nishaurini jamani, na mkinitukana sawa, ila mniambie: nifanye nini?