Hodi ya Tatu

Kwa miezi minne kulikuwa na sukari kilo kumi chini ya kitanda cha mama yangu, na mimi nikinywa chai chungu. Nalisema hili mwanzo ili ijulikane kwamba niliumia. Sukari ile, pamoja na mchele, unga wa ngano na doti mbili za khanga, ilitumwa na mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam. Ilivuka kwa boti ya Nyamisati, ikashushwa kisiwani, bandari ya Kilindoni, ikapakiwa bodaboda hadi kwetu Baleni. Mama alipokea, akashukuru, akavisukuma vyote chini ya kitanda na kuvifunika gunia. Hakufungua hata kamba.

Sababu ilikuwa wimbo.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Mtaa anaokaa una vibaka wengi, kwa hiyo kazi haikosi: huyu anataka geti, yule anataka nondo za dirisha. Jioni, akishavua miwani ya kazi, anachana. Sisi tuliomtangulia tuliuita muziki wa kufokafoka, na kusema kweli mimi sikuupenda. Niliona ni watu wanagombana huku ngoma inapigwa. Lakini huu ulikuwa wa ndugu yangu. Uliponifikia kwenye simu, nami kwa kiherehere changu nikaufungulia uani, tuko wanawake sita tunasuka makuti, mama akiwemo. Nilitaka nijivune kidogo. Sauti ikatoka, yake kabisa, haina shaka:

*Mimi ndo yule wa kona, simu yako ndo mshahara,*
*Ukilia unajichosha, nakuachia hasara.*

Mikono yote ikasimama. Nikazima haraka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Mtu wa mjini atashangaa tulichoshtukia. Sisi tukisuka makuti tunaimba, na nyimbo zetu zina adabu yake. Ukitaka kumsema mtu unamwita ndege, au mnazi, au fulani. Ukisema "mimi", basi ni wewe. Mwanamke akiimba kwamba amelala na njaa, jioni hupelekewa chakula. Yupo jirani yetu aliwahi kuimba kuwa yeye ndiye aliyemfungua mbuzi wa mwenzake, na kabla ya magharibi alikuwa ameshakwenda kuomba radhi. Ndiyo maana mmoja wetu alisema polepole, "Inna lillahi. Mtoto amekiri mwenyewe." Mama alimaliza kuti lake, akaenda kuswali adhuhuri.

Nikampigia simu mdogo wangu. Nilimtukana kwanza, ndipo nikamuuliza. Akacheka.

"Dada, yule siyo mimi. Anayesema pale ni kibaka. Mimi namsemea tu."

"Unamsemeaje mtu kwa 'mimi'? Yeye hana mdomo?"

Akaacha kucheka. "Kwa sasa hana," akasema. Nilikuwa na hasira, sikumuuliza ana maana gani.

Nilijaribu kumweleza mama kwamba wachanaji wa mjini ndivyo walivyo, wanavaa nguo ya huyu na ya yule, leo kibaka, kesho aliyeporwa. Mama akanijibu kuwa nguo ya mwizi haivaliwi kwa kujaribu. Nikaona yaishe. Lakini hayakuisha. Kila baada ya swala nilimsikia akimwomba Mungu asimlishe cha haramu, na papo hapo akiomba mwanawe asilaaniwe. Alikonda. Mtoto wa kiume anaye huyo mmoja, na hakujua kama bado anaye. Iliniuma kumtazama, hata sukari nikaisahau, karibu.

Ramadhani ilipokaribia, mdogo wangu akaja mwenyewe. Aliingia asubuhi, begi bado begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nenda katie udhu."

Aliporudi, mama ameshakaa mkekani, msahafu uko mapajani mwake. Akamwambia aweke mkono, aseme vitu alivyotuma alivipata wapi.

"Wallahi, mama, ni jasho langu. Sijapata kuchukua cha mtu."

Mama akashusha pumzi ya miezi minne. Mimi nilishaanza kukitupia jicho kitanda. Lakini mdogo wangu hakuuondoa mkono wake.

"Ila ubeti wa tatu," akasema, "ule ni mimi."

Ubeti wa tatu hatukuujua; sisi tulizima kwenye wa kwanza. Akatusomea palepale, bila ngoma, taratibu kama mtu anayesoma kasida:

*Hodi ya tatu nasikia, na sauti naijua,*
*Ufunguo nikauzungusha, si kwa nia ya kufungua.*

Kisha akatueleza. Ilikuwa saa nne asubuhi, yuko chumbani kwake. Kibaka mmoja wa mtaa ule, kijana waliyekuwa wakinywa chai kibanda kimoja, alikuwa anakimbizwa na wale ambao redio huwaita wananchi wenye hasira kali. Akakimbilia mlangoni kwake. Mlango wenyewe ni wa chuma, mdogo wangu aliuchomelea kwa mkono wake.

"Aliniita kwa jina. Akapiga hodi tatu. Niliogopa wataniona mwenzake."

"Wakamuua?" nikauliza.

"Pale pale mlangoni."

Kwetu milango tunaiegesha tu. Hodi haina jibu lingine ila karibu, na mgeni akipiga ya tatu bila kuitikiwa, anajua hakuna mtu, anakwenda zake. Mama aliweka kiganja juu ya mkono wa mwanawe.

"Ana mama?"

"Anaye. Anauza uji karibu na kituo cha mabasi."

"Umekwenda kwake?"

"Sijakwenda. Nimetunga wimbo."

"Wimbo sisi tumeusikia," mama akasema. "Yeye je?"

Mdogo wangu akalia.

Mama akainuka, akavuta vitu chini ya kitanda, kimoja kimoja, mpaka khanga. "Sasa nimejua ni halali, na sadaka hutoka kwenye halali. Utarudi navyo, umpelekee." Nikathubutu kusema labda kilo moja ya sukari ibaki. Mama alinitazama tu. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Jioni ile niliusikiliza wimbo mzima kwa mara ya kwanza. Bunduki niliyoitarajia sikuisikia. Ndani yake mlikuwa na foleni ya maji, mama ntilie anayeficha simu ndani ya sufuria la wali, watoto wanaosubiriana watoke shule kwa kundi kwa sababu ya kona ile. Nilidhani anafoka, kumbe anawataja majirani zake. Nikaurudia mara mbili.

Siku ya tatu akaondoka, mizigo yote imefungwa nyuma ya bodaboda. Mama alimfuata mpaka barabarani, akamshika mkono.

"Ukifika kwake, piga hodi. Hata ya tatu asipoitika, wewe usiondoke."