Kisiwa cha Ziwa Tanganyika kinalipa usumbufu wa njiani? Sisi boti ilituacha kwa sababu ya saa ya Zambia

Wakuu wa jukwaa, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo zenu.

Wiki iliyopita kuna jamaa aliuliza humu kama kuna haja ya mtu kuteseka njiani kwenda kulala kisiwani wakati hoteli zenye bwawa la kuogelea zipo mjini. Mlimjibu kwa kejeli nyingi sana. Mimi nilikaa kimya kwa sababu wakati huo huo nilikuwa kwenye gari, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, naelekea huko huko kisiwani.

Sasa nimerudi. Nasimulia kama ilivyokuwa, na nilipochemka nitasema nilichemka.

Mimi ni mama, nauza vitenge hapa Tunduma. Mume wangu, humu nimwite Baba Tumaini, ni dereva wa malori yanayoingia Zambia mpaka Kongo. Wenye waume madereva mnanielewa. Mume unaye na huna. Anakuja, anaoga, analala, ukitenga chai ya pili simu inaita, mzigo umeshapakiwa.

Kuna jambo moja lazima mlijue kwanza, hasa nyie wa mbali.

Zambia wako nyuma yetu saa moja. Ukivuka geti tu hapo Nakonde, saa imerudi. Kwa hiyo sisi wa mpakani mtu akikwambia "tukutane saa tano" unamuuliza, "Saa ya wapi?" Ni kawaida kabisa, hakuna anayeshangaa.

Sasa Baba Tumaini saa yake ya mkononi ameiweka ya Zambia tangu aanze kazi hii. Mizani iko huko, yadi ziko huko, kazi yake yote iko huko. Hata akiwa nyumbani haibadilishi. Nikimuuliza saa ngapi anasoma ya kwake, mimi naongeza moja kichwani. Mpaka mtoto wetu anajua kuongeza.

Huwa namtania kwamba nimeolewa na mtu anayeishi saa moja nyuma yangu. Yeye anacheka. Mimi kusema kweli huwa sicheki sana.

Basi, mwaka huu kapewa likizo ya wiki moja. Wiki moja wakuu, ndani ya mwaka mzima! Mpango wake ulikuwa kulala, akiamka aende kijiweni, akirudi alale tena.

Nikasema thubutu. Fungate letu sisi lilikuwa kwa mama mkwe Msangano, tunapukuchua mahindi. Tangu hapo hatujawahi kwenda popote sisi wawili tukiwa hatuna mzigo wa kupeleka.

Kuna mteja wangu analeta samaki, migebuka, kutoka ziwani, ndiye aliyenihadithia hicho kisiwa. Maji unaona mpaka chini, mama mmoja ana vibanda vya kulaza wageni, samaki anatoka ziwani anaingia jikoni. Jina la kisiwa silitaji, mtakijaza nyie.

Baba Tumaini akasema nitamuua na safari. Tukawekeana sharti. Twende, lakini ikiwa hovyo, likizo zote zijazo atapanga yeye na mimi nisifungue mdomo maisha. Naye akaahidi mawili: simu anaizima ili bosi asimpate, na saa ya mkononi anaiweka ya kwetu.

"Wiki hii naishi kwa saa yako, Mama Tumaini."

Ndivyo alivyosema. Nilifurahi nikashindwa hata kulala.

Mtoto tukampeleka Ileje kwa mama yangu, sisi tukashika basi la Sumbawanga. Hapo lami, mteremko, raha. Tukalala Sumbawanga, baridi yake mnaijua.

Kesho yake ndio shughuli. Gari dogo, barabara ya vumbi, kona juu ya kona unashuka kuelekea ziwani. Mimi nimeng'ang'ania kiti cha mbele yangu. Lakini kilichonichekesha ni mume wangu. Yeye hajazoea kuwa abiria, kwa hiyo kila kona mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo.

"Rudisha gia, mdogo wangu. Gia, gia!"

Dereva akamvumilia weee, mwisho akasema, "Kaka, unataka uje ukae wewe?"

Gari zima likaangua kicheko. Baba Tumaini akanuna mpaka tunafika.

Tulipofika nikasahau vumbi lote. Wakuu, mimi ziwa nililolijua ni Rukwa, kule Ivuna ambako shangazi yangu alikuwa anachemsha chumvi, na maji yake ni ya rangi ya udongo. Hili lingine kabisa! Bluu! Linawaka! Nilipiga kelele peke yangu pale stendi, watu wakageuka kuniangalia.

Tukachukua chumba gesti. Tukaambiwa boti ya abiria ya kwenda kisiwani inaondoka kesho saa nne asubuhi, na ikishaondoka nyingine ni mpaka keshokutwa yake. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, nikaiacha dukani kwa mwenye sola.

Sasa sikieni nilivyochemka.

Asubuhi niliamka kabla yake. Mawingu yametanda, jua halionekani. Saa yake ya mkononi ipo mezani. Nikaangalia, saa mbili na nusu. Nikakumbuka kaahidi kuiweka ya kwetu, kwa hiyo sikuongeza kitu. Mara ya kwanza katika ndoa yangu sikuongeza!

Nikamwacha apumzike. Nikaoga taratibu. Tukanywa chai na chapati, tukaongea, tukacheka habari za breki. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Tukashuka ufukweni tukijua tumewahi kwa nusu saa. Nikamuuliza mwanaume mmoja anayeshona nyavu boti ya abiria iko wapi. Akanyoosha kidole ziwani.

"Ile pale, dada. Imeondoka saa nne kamili. Hii sasa hivi ni nne na nusu."

Kitu kidogo cheusi kule mbali. Nikageuka kumwangalia mume wangu. Naye anaangalia mkono wake.

Hakuibadilisha.

"Nilisahau," akasema.

"Hukusahau. Umeizoea kuliko ulivyonizoea mimi. Hata likizo umekuja nayo Zambia."

Wakuu, nililia. Mwanamke mzima nimekaa juu ya begi nalia mbele za watu. Hesabu ilikuwa rahisi, tukisubiri boti nyingine tungefika kisiwani tugeuze, likizo imeisha. Baba Tumaini akasema kwa upole turudi Sumbawanga tukapumzike hotelini. Nilijua tukigeuza pale, likizo zote zilizobaki duniani ni za kijiweni.

Wakati nalia, pembeni yetu kulikuwa na kelele. Boti ya mbao imepakiwa kitanda, kabati la vyombo, magodoro, majogoo wawili na spika kubwa. Bibi harusi anapelekwa kisiwani kwa mume. Na shangazi wa bibi harusi, mama mmoja mnene anaitwa Paskalia, anawafokea wageni waliokuwa wanakunywa uji pembeni.

"Tuliwaambia saa tatu! Saa tatu! Nyie mnakuja saa nne mnakaa mnakunywa uji!"

Wale wageni ni ndugu zao kutoka ng'ambo, upande wa Zambia. Na wao wamekasirika, wanajibu kwa Kibemba, kila upande unaona umetukanwa.

Mume wangu akanyanyua kichwa. Nikamwona anaanza kutabasamu, nikataka kumrushia begi.

Akawaendea, akawasalimia kwa Kibemba.

"Mulishani mukwai."

"Bwino mukwai!" Wakageuka wote, nyuso zimefunguka. Akaongea nao, akaangalia saa zao, akawaonyesha ya kwake. Kisha akamrudia Paskalia.

"Shangazi, hawa hawakuchelewa. Uliwaambia saa tatu, na wao wamefika saa tatu. Ya kwao. Saa tatu ya kule ndio saa nne ya huku. Mimi mwenyewe saa hii hii imenikosesha boti sasa hivi, na mke wangu yule pale haongei na mimi."

Paskalia akanitazama nilivyokaa na begi, macho mekundu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Pole, wifi yangu. Basi baba, wewe unayewaelewa, panda ukae nao, usije ukatokea ugomvi katikati ya ziwa. Na wewe wifi njoo ushike beseni. Tumeongeza ndugu!"

Mnaona? Saa ile ile iliyotukosesha boti ndiyo iliyoichelewesha hii nyingine ikatungoja. Wahenga walisema kawia ufike, lakini sidhani kama walilifikiria hili.

Tukapewa jaketi za kuokolea, tukapanda. Mimi katikati ya akina mama, beseni la vyombo mapajani, vigelegele toka tunang'oa nanga. Baba Tumaini, mtu anayeshusha lori lenye shehena mlimani bila kupepesa jicho, alikumbatia kabati la bibi harusi mwendo mzima amefumba macho. Wazambia wakawa wanamwimbia nyimbo za kumtia moyo. Nilicheka mpaka hasira zote zikaisha.

Kisiwani tulienda kutafuta utulivu, tukakuta harusi! Tulicheza mpaka kitenge changu kikafunguka. Nikalishwa samaki aina ya kuhe wa kuchoma na ugali wa muhogo, nikaitwa wifi wa Tunduma, nikatunza, nikatunzwa.

Baada ya harusi ndio utulivu ukaja. Wakuu, nisiwadanganye, pale ni pazuri. Asubuhi maji yametulia, unaona visamaki vya rangi ya njano na bluu vinapita kwenye miguu yako. Tuliuliza wenyeji pa kuogea, maana mamba wapo ziwani, usijitie ujuaji. Nilimfundisha Baba Tumaini kuelea, yaani mimi niliyejifunza siku hiyo hiyo! Nimemshika mgongo, yeye ananiambia, "Usiniachie, mama, usiniachie." Sijawahi kumsikia akiniambia hivyo mahali popote.

Tuliongea mambo ambayo tulikuwa tunayaahirisha simuni kwa miaka. Mengine matamu, mengine hapana.

Siku ya kuondoka, nafunga mizigo, nikaanza kuingiwa na hofu ya boti.

"Saa ngapi?"

"Saa moja na robo."

Nikaanza kuongeza kwa mazoea. "Kwa hiyo mbili na rob..."

"Usiongeze kitu," akasema.

Nikamshika mkono nikaangalia. Kweli. Alishaigeuza, sijui lini. Nilifunga zipu ya begi huku nimempa mgongo, asinione.

Haya, turudi kwenye swali la yule jamaa. Inalipa?

Usumbufu upo, tena mwingi. Vumbi utakula. Mgongo utauma. Mtandao kisiwani ni wa kupanda juu ya jiwe ukiwa umenyoosha simu, choo ni cha nje, na mkeka wa kulalia wageni wa ziada nimeulalia mimi usiku wa harusi. Upepo ukichafuka boti haiondoki, kwa hiyo ukiwa na ratiba ya kubana usiende. Na kama unataka bwawa la kuogelea na juisi yenye mwavuli, ndugu yangu kaa mjini, hakuna atakayekulaumu.

Lakini kama kuna mtu unaishi naye na hamjaonana siku nyingi, nenda naye mahali pagumu kufika. Hotelini kila mtu angeshika simu yake. Barabara ile ilitulazimisha kucheka, kugombana na kushikana. Mimi ningerudi kesho, hata kwa miguu.

Nilichojifunza: usafiri wa ziwani ulizia mwenyewe, tena kwa watu wawili tofauti. Na ukiwa maeneo yetu haya, ukiambiwa saa ya kuondoka, uliza na saa ya wapi. Usione aibu.

Wenye visiwa vyenu, mliokwama, mlioachwa na boti, mliolilia kwenye begi kama mimi, wekeni hapa chini tucheke wote. Na yule jamaa aliyeuliza, usiogope kejeli, njoo inbox nikuunganishe na Paskalia.

Nilitaka niishie hapo, ila nikiwa naandika simu imeita. Baba Tumaini, yuko Zambia ndani huko tangu alfajiri ya juzi. Anasema wenzake wanamcheka, kafika yadi ya kupakia saa nzima kabla ya geti kufunguliwa, kasimama nje peke yake kama mlinzi.

Nikamuuliza, "Kwani huko saa ngapi?"

"Huko sijui," akasema. "Ya kwenye mkono wangu ni saa tatu kasoro."

Nikaangalia ukutani kwangu. Saa tatu kasoro.