Nyayo za Mtoto Aliyetutangulia

Harufu ya tawi bichi lililovunjwa bado hunisimamisha njiani. Mtanicheka, lakini siendi mbele kabla sijaona limelazwa wapi.

Kwetu Kalembe, aliyetangulia porini huvunja tawi lenye majani akalilaza kwenye njia isiyofaa kupitwa. Asubuhi ile tulikuwa tunakimbilia Kashebere, maana watu wenye bunduki walikuwa karibu. Papa alitangulia kuchungulia njia. Mama alifuata, mdogo wangu mchanga yuko mgongoni, nami nimeshika kitenge chake. Kwenye njia panda tukakuta tawi limelala kwenye njia ya Kashebere. Mama alilitazama, akakata kushoto, tukaingia kwenye ukungu.

Ndege walikuwa wamenyamaza. Tulitembea sana, kisha nikaona kwenye tope nyayo za mtu mzima, na kando yake nyayo ndogo, mbichi kabisa.

"Mama, kuko mutoto mbele yetu," nilinong'ona.

"Namuona. Usimuite."

"Anaenda wapi?"

"Pori njo imetushika. Tembea tu, mama yangu."

Kwetu, pori likimshika mtu, hupotea asione njia ya kutoka. Tukalikuta tena lile tawi, tukazunguka tena, na nyayo za yule mtoto zilikuwa zimeongezeka, kama ameita wenzake. Niliogopa hadi nikasahau njaa, na kwangu mimi kusahau njaa halikuwa jambo dogo. Mama alipojaribu kupumzika, mdogo wangu alianza kulia, naye akashika njia upesi.

Hatimaye tawi halikuwepo. Papa alisimama pale, mikono imejaa utomvu.

"Wameshuka ku muto," alisema. "Mupite mbio."

Nikiwa sekondari, mwalimu alitufundisha kwamba Waingereza, mtu akihangaika bila kusonga mbele, husema anazunguka kwenye duara. Niliandika kama wengine. Kisha nikazaa. Usiku na mchana mwanangu alilala mgongoni nikitembea tu; nikisimama, analia. Siku moja, nikizunguka nyumba naye, nikaziona nyayo zangu kwenye vumbi, nikakaa chini nikalia pamoja naye. Yule mtoto wa porini nilikuwa mimi. Mama hakupotea hata kidogo. Alikuwa anambembeleza mtoto asisikike, na kila mzunguko ulimrudisha kutazama tawi la mumewe.

Mwalimu alisema anayezunguka hafiki popote. Mdogo wangu leo ana ndevu.