Barua ya Uongo Niliyomwandikia Mama

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, na hilo ndilo linaloniuma. Mjinga ana kisingizio. Mimi sina.

Nilikuwa nimeuza dawa za mifugo na mbegu kwa miaka tisa katika duka moja mjini Nakuru, bosi wetu Ndegwa alipookoka upya, ila si kwa Yesu. Alijiunga na watu wanaojiita Nafsi Angavu. Wenyewe wanaapa hawana dini, wana mbinu za maisha tu, ilhali kila kipindi kinaanza kwa kuinamia picha ya mwanzilishi wao. Watu walikuwa wakilalamika redioni kwamba wanavunja familia. Ndegwa hakujali. Alitangaza kuwa duka jipya la Gilgil litasimamiwa na mwenye cheti cha darasa lao, na mimi duka lile nililitaka kwa roho yangu yote.

Basi nikaenda. Jumamosi saba, kwenye ukumbi fulani Kiamunyi, mimi na Ogola wa stoo tumekaa nyuma tukicheka chini kwa chini. Mkufunzi wetu, Bwana Sitati, alifundisha kwamba mtu hafaulu kwa sababu kuna aliyemfunga kamba utotoni, na kamba haikatiki mpaka umwandikie huyo aliyekufunga. Simu haikubaliki. Ni barua, ndani ya bahasha, na ulete risiti ya parseli ya matatu kuonyesha imetumwa. Nikamwandikia Mama kurasa mbili za malalamiko madogo madogo. Sitati akasoma, akanirudishia.

"Hii haina uchungu, Emmy. Bado unamlinda."

Nikakasirika. Unataka uchungu? Haya, shika uchungu. Nina kovu kwenye mkono wa kushoto. Nilijichoma mwenyewe nikiwa na miaka sita, nikichezea kuni za jikoni wakati Mama anakamua. Nikaandika kwamba ni yeye aliyenichoma kwa kijinga cha moto, makusudi, kwa sababu nilivunja kibuyu chake cha maziwa. Sitati alisoma akafuta macho.

Tulipotoka nje Ogola aliniuliza, "Wewe, na mamako akiona hiyo?"

Nikamwambia Mama hajui kusoma hata jina lake. Ataona karatasi, ataiweka chini ya godoro, yaishe. Nilijiona mjanja ajabu.

Nilisahau kitu ambacho mtoto yeyote wa kwetu anakijua. Kwetu, kule ndani ukishaipita Salgaa, habari zote siku hizi zinakuja kwa simu. Bahasha ikifika ni kadi, ya harusi ama ya harambee. Na kadi haikai nyumbani. Inapelekwa kanisani, inapewa karani, inasomwa wakati wa matangazo ili watu wote waalikwe pamoja. Mama alipoambiwa kuna bahasha yake kutoka kwa Emmy, binti wa miaka thelathini na nne asiye na mume, alijua ni nini. Jumapili alivaa gauni la bluu la Chama cha Akina Mama, ambacho mwenyekiti wake alikuwa yeye, akamkabidhi bahasha karani, Mzee Kiptum.

Jumatatu asubuhi kaka yangu Kiplimo akanipigia. Cheti nilishapewa, na duka la Gilgil ninalisimamia mpaka leo, kama unataka kujua mimi ni mtu wa aina gani. Kiplimo alisema Mzee Kiptum alisoma mistari miwili, akaanza kukunja karatasi. Mama akamwambia, "Soma tu. Ni ya mtoto wangu." Akasoma yote. Kisha Mama akasimama mbele ya watu aliozika nao na kuozesha watoto nao, akasema, "Ni kweli. Nilimchoma mtoto. Mungu anisamehe, na Emmy pia anisamehe." Akabandua beji ya uenyekiti, akaiweka mezani, akaenda kukaa nyuma.

"Mama alikufanyia hivyo kweli?" Kiplimo akauliza.

Nilikata simu. Nilikaa sakafuni kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, na mteja akaniita mara tatu kabla sijamsikia.

Kesho yake nilikwenda nyumbani. Nilimkuta Mama uani akipura maharagwe. Aliponiona alisimama haraka, akapangusa mikono, akaangalia chini. Mama yangu mzazi, kuniogopa mimi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na sitaki mtu anipoze.

"Mama, hukunichoma," nikamwambia. "Nilijichoma mwenyewe. Niliandika uongo ili nipewe cheti kazini."

Alirudi kukaa kando ya maharagwe yake.

"Mimi sikukumbuka," akasema. "Nilikaa pale kanisani nikitafuta kichwani, sikuona. Lakini nikasema, mtoto hawezi kulipa gari iniletee uongo. Labda ni mimi nimesahau. Aliyepiga husahau, aliyepigwa ndiye hukumbuka."

Nikamwambia Jumapili nitasimama kanisani niseme ukweli. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Ukisimama, watajua nimezaa mtoto wa kunisingizia. Hiyo siwezi kubeba. Hii ya kuchoma nishaizoea. Wacha ibaki yangu."

Nilibisha, lakini kidogo tu. Nasema leo kwa sababu siku ile sikusema: moyoni nilishukuru.

Jumapili nilikaa naye kwenye benchi la nyuma. Mwenyekiti mpya alitangaza mchango wa mabati. Tulipokuwa tukitoka, wanawake walimpita Mama bila kumsalimu, wakaja wakanishika mimi bega, mmoja baada ya mwingine, wakinipa pole. Na mimi nikawa naitikia, asante, asante.