Maneno ya Jirani kwa Jina Langu

Jirani yangu hapa Mugoma aliingia nchini akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita Burundi. Amekulia hapa, ameolewa hapa, kahawa yake inaishinda yangu, lakini kitambulisho cha taifa hana. Kila akiomba anaambiwa asubiri. Na bila kitambulisho laini ya simu haisajiliwi. Nikasema yaishe, nikaenda nikaweka kidole changu. Laini ikawa yake, jina langu.

Nikamwingiza kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Alikuwa anasoma tu. Kisha kiangazi hiki mwenyekiti wetu akaanza kuyaelekeza maji ya bomba kwenye matofali anayofyatua, sisi tukawa tunashuka bondeni na ndoo. Sote tulinung'unika majikoni. Yeye akaandika kundini: "Mwenyekiti, matofali yako yanakunywa, watoto wetu hawanywi. Fungua bomba."

Weee! Namba hiyo hakuna mwingine aliyeijua ila mimi. Basi mtu akafanya tunavyofanya sote: akajifanya anaitumia pesa ili aone jina la mwenye laini, halafu akaghairi. Likatokea langu.

Nikaitwa ofisini. "Shikamoo, mwenyekiti." Hata marahaba hakuitikia.

"Ni wewe uliyeandika?"

Hasira zikanipanda. Nikisema si mimi, atataka kujua ni nani, na kwa mtu asiye na karatasi, simu moja tu Uhamiaji inatosha kumtoa nyumbani kwake. Nikasema liwalo na liwe.

"Ni mimi. Na bomba lifunguliwe."

Likafunguliwa! Hata gulioni Bukiriro watu walinipa mkono: mama, wewe una moyo! Nikavimba kichwa, nisiseme uongo. Nikaenda kwa jirani yangu nikitarajia shukrani.

Nilimkuta anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Umeniokoa, dada, asante," alisema. "Ila tangu nizaliwe nimeisemesha nchi hii mara moja tu, na maneno yenyewe yamekuwa yako."

Aibu ilinishika. Nikachukua kisu, nikakaa, tukamenya sote.

Kundini bado wananisifu. Namba yake ipo, inasoma kila kitu, wala haiandiki tena.