Nani Apokee Cheti Changu

Siku ya kupewa vyeti vya shule ya jioni, pale kanisani Rubondo, mwalimu aliita jina langu, kisha akasema: "Baba watoto apite mbele apokee, maana ndiye aliyemruhusu mama kusoma." Watu wakapiga makofi. Mume wangu, aliyelalamika miaka mitatu mizima kuwa ugali umepoa, akasimama akirekebisha kola kama waziri. Hasira ilinipanda, nusura paa la bati liruke hadi Mbarara. Nikampita katikati ya viti.

"Mwalimu, mtihani wa hesabu alifanya yeye?"

"Mama, usituaibishe," mume wangu akanong'ona.

Mwalimu akamtazama yeye kwanza, akingoja aitikie kwa kichwa. Nilikinyakua cheti kabla kichwa hicho hakijatikisika.