Wiki ya Mwanamke wa Islandi

Ijumaa, tarehe 21 Februari 1997. Mvua nyembamba yenye barafu tangu asubuhi, saa kumi jioni mawingu ni mazito hata taa za barabarani zimekwisha kuwaka. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari. Mimi si mtu wa kuandika, na pengine nimekosea mpangilio, lakini sitaongeza kitu.

Wiki ile ukumbi mmoja pale Forest, mtaa wa mji tunaoishi huku Ulaya, ulionyesha filamu za Islandi, bure, kila siku saa nane mchana. Asubuhi nilikuwa nasafisha ofisi mtaa wa Etterbeek, mchana nina nafasi. Nilimpeleka mama kwa sababu ukumbini kulikuwa na joto kuliko kwetu. Sababu ya pili niliificha: watu wa kanisa walitaka jibu lake kuhusu matanga ya kaka yangu kabla ya Jumapili, nami nilitafuta pa kuanzia. Kaka yangu alibaki Bukavu vita vilipoingia. Mwezi wa kumi na mbili jirani yetu wa zamani alifika huku, akasema kaka amekufa, amezikwa kando ya njia. Mama akamuuliza, "Uliona na macho yako?" Jirani, hakudanganya, akasema aliambiwa tu. Tangu hapo mama alikataa matanga. Kila jioni alipakua sahani ya kaka, akaifunika.

Filamu zote zilikuwa za mwigizaji mmoja. Jumatatu alikuwa mke wa mfuga kondoo, akafa kwenye theluji, wakamzika. Jumanne akatokea karani wa benki, mlevi, ukumbi mzima unacheka. Mama akanifinya mkono.

"Huyu si tulimuzika jana?"

Niliogopa ameokota tumaini la bure. Nikamnong'oneza kwamba ni kazi yake: leo anakufa, kesho analipwa afufuke. Jumatano alikuwa mtawa, nikaeleza tena. Alhamisi aliendesha basi akitukana abiria, nikaeleza tena. Mama alisema "bon" tu, yaani haya.

Ijumaa walimpaka nywele unga, akawa bibi kizee anayeuza nyumba yake. Tulipotoka, tukingoja tramu kwenye mvua, nilianza, "Maman, ule mwanamuke, ujue..."

"We! Unanifundisha sinema? Nilikuwa naenda ciné ku Bukavu mbele uzaliwe."

Nikageuka kwa aibu kuangalia kama tramu inakuja.

"Siku tano niko namuangalia," akasema. "Nywele inabadirika, nguo, sauti. Mais kulia haibadirike. Anaweka mukono ku kinywa, hivi." Akanionyesha, na glovu yake imelowa. "Hata pale alikuwa masœur, ule mtawa. Hata ule wa basi, pale alibakia pekee yake."

Mimi sikuwa nimeliona hilo. Niliona nguo tu.

Tramu ikapita imejaa, haikusimama.

"Miye sijalia bado," akasema. "Uwaambie watu ya kanisa bakuye ku matanga."

Niwe mkweli: hatukuwa tumepata habari mpya yoyote. Jirani alikuwa bado ameambiwa tu. Labda mama alikwisha kuamua zamani, labda alichoka, na sikumuuliza. Ningeweza kusema, tungoje kidogo. Sikusema. Nilitaka yaishe, na hilo nalo naliandika.

Jioni tulikula bugali ya semoule, ugali wa ngano, na sombe, majani ya muhogo, na makayabu, wale samaki wa chumvi. Mama alipakua sahani mbili. Fungu la tatu alilimimina kwenye yangu.

"Kula, isiharibike."

Nilikula lote.